Mguu Uliokataa Kunyamaza

Mke wangu anafuga mende. Naanza na hilo kwa sababu watu wakishalisikia huwa hawasikilizi tena kinachofuata, na mimi nimechoka kueleza mambo nusunusu. Anawafuga, anawalisha, anawabadilishia maji, na siku moja aliniamsha usingizi wa mchana nije nimwone mmoja aliyetoka kujivua ganda, eti bado mweupe. Nilikwenda nikinuna. Kweli alikuwa mweupe, na alipendeza, ingawa sikusema.

Mimi ni fundi makochi. Nilipomwoa alikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari, mwanamke mwenye chaki kwenye mikono ya blauzi, nikadhani najua nilichooa. Tukapata watoto pacha, akawa Mama Pacha na mimi Baba Pacha, na ndivyo tunavyoitana hadi leo hata tukigombana. Kisha akarudi chuo kusomea neva, zile nyuzi za mwilini zinazopeleka habari kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo na kurudi. Uzamili ukaisha, uzamivu ukaanza. Darasani aliwazidi wote umri, wakamwita Dada Mkubwa, na Dada Mkubwa akageuka kuwa posta yao. Kila nafasi iliyotangazwa popote duniani kwa wanafunzi wa fani yao ilipitia kwenye simu yake: semina za mtandaoni, warsha, ufadhili wa safari, mashindano ya mabango ya utafiti. Alikuwa anawatumia wenzake matangazo hayo hata kabla hajamaliza kusoma mwenyewe, na mimi nilikuwa namwambia wazi kwamba mtu haiti wapinzani kwenye foleni anayosimama. Aliniambia nikashone makochi.

Semina alizifuata jikoni, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, kamera kaizima. Siku moja alisahau kuzima kipaza sauti, na maprofesa wa nchi kadhaa wakamsikia vizuri kabisa akiwaambia pacha kwamba asiyeoga sasa hivi atalala na matope yake. Profesa aliyekuwa anazungumzia usingizi akasema anaunga mkono.

Wenzake walikuwa wanaondoka mmoja mmoja na masanduku, yeye anabaki. Mara ya kwanza alipochaguliwa kwenda warsha ya nje, pacha waliugua surua. Mara ya pili viza ilitoka warsha ikiwa inafungwa; nilimkuta jikoni anajipepea na pasipoti, na siku hiyo nilimwonea huruma mpaka nikaosha vyombo bila kuambiwa. Mara ya tatu alifika. Ilikuwa nchi ya jirani, safari ya basi, na alirudi akiwa mtu mwingine. Hakuuliza habari za nyumbani. Alisimama mlangoni, begi bado begani.

"Baba Pacha, nimesikia neva."

"Inasemaje?"

"Inakaanga."

Akanieleza palepale. Unamlaza mende kwenye maji ya barafu mpaka asihisi kitu. Unachukua mguu wake mmoja, unauchoma pini mbili nyembamba. Pini zina waya, waya zinaingia kwenye kiboksi kinachokuza umeme mdogo sana, kiboksi kinaunganishwa na spika. Mguu ukiachwa, kimya. Ukigusa kinywele kimoja tu cha mguu huo kwa kijiti cha meno, spika inatoa tatatata kama kitunguu kilichoangukia mafuta ya moto. Hiyo ni neva inatoa taarifa kwamba imeguswa. Nilimwambia hata mimi nimeguswa, na njaa. Hakusikia hata neno.

"Halafu nikajiuliza," akasema, "kwa nini tupande mabasi na ndege kwenda kusikiliza mende? Mende tunao."

Hoja hiyo sikuweza kuipinga. Jikoni kwetu ushahidi ulikuwa unatembea.

Tangu hapo hakutulia. Alitaka warsha ya kwake, hapahapa chuoni, ya wanafunzi wa neva kutoka vyuo vyote vya karibu ambao hawajawahi kusikia kitu wanachokisomea. Idara ikampa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Viti nikavishona mimi, vyote, kitambaa cha kijani. Yeye na wenzake wakaunda viboksi vya kukuza umeme kwa vipuri vya redio, mikono imejaa alama za kuungua na risasi ya kulehemu. Wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena, na siku spika ya kwanza ilipokaanga waliruka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Aliyekuwa hapendezwi ni mama yangu. Mama anaishi nasi, na maisha yake yote amekuwa na vita moja tu isiyo na suluhu, vita dhidi ya mende. Sasa mkwe wake ameleta ndoo nzima nyumbani, kingo zimepakwa mafuta ya mgando wasipande, juu kipande cha chandarua.

"Mwanangu," alimwambia mke wangu, kwa upole wa mtu anayejizuia, "mimi nimekaa na wakwe za watu. Wengine walikuwa wavivu, wengine wana mdomo. Lakini wa hivi sijaona."

"Mama, hawa ni mende wa shule."

"Haya. Wa shule wakae na shule yao, mimi nitapambana na wa mtaani."

Wakaafikiana hivyo, na kwa muda mrefu pakawa na amani.

Kisha ikaja habari iliyotukosesha utulivu sote. Chama kinachoendesha mafunzo ya neva katika nchi nyingi kilikuwa kinatafuta chuo cha kukifanya kituo chake, na kingemtuma profesa kuja kukaa siku nzima kwenye warsha ya mke wangu ajionee. Akiridhika, warsha itafanyika hapa kila mwaka, vifaa vya maana vitakuja, na mke wangu atakuwa mkufunzi wa kituo hicho. Asiporidhika, chumba kinarudi kuwa stoo, na Dada Mkubwa, ambaye uzamivu wake ulikuwa unakaribia mwisho, anarudi kufundisha sekondari. Hakuna njia ya tatu. Alinieleza hayo akiwa anakunja nguo, na nguo ileile aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Siku yenyewe ilipofika, nyumba iliamka kabla ya jogoo wa jirani. Mke wangu alitangulia chuoni. Mimi nilibaki nibebe ndoo kwa pikipiki baada ya kuwapeleka pacha shule. Mama akasema na yeye anakuja, kwa sababu profesa angepitia nyumbani kunywa chai jioni, na ni vibaya kumkaribisha mtu ambaye hujamwona uso. Alikuwa amefagia, amepiga deki, amepangusa hadi waya za umeme. Nikaichukua ndoo kwenye stoo ya nyumbani, nikaona mende wanatetemekatetemeka. Nikasema ni baridi ya asubuhi.

Chumba kilijaa. Wanafunzi wa vyuo mbalimbali walikaa kwenye viti vyangu vya kijani, wengine wamesafiri kutwa nzima, na walikuwa na ile hali ya watoto kabla ya sinema kuanza. Profesa alikuwa mwanamke mwenye mvi fupi na viatu vya raba, mtu wa maneno machache. Alikaa mbele, mikono juu ya magoti. Mama na mimi tulikaa nyuma kabisa, Mama akiwa na kanga yake mpya, mgongo wima.

Mke wangu akamlaza mende kwenye barafu, akautoa mguu, akauchoma pini.

"Sasa nitawasha spika," akasema, "na hamtasikia chochote. Kimya hicho mkikumbuke. Halafu nitaugusa."

Akawasha. Spika ikalipuka tatatatatata, bila kuguswa na mtu, bila kupumzika.

Akaizima. Akatabasamu kidogo, akasema ni umeme wa jengo unaingilia. Akaomba feni izimwe, taa zizimwe, kila mtu azime simu. Wenzake wakauzungushia mguu foili ya jikoni, wakaangalia waya wa ardhi. Akawasha tena. Tatatatatata. Akabadilisha kiboksi. Vilevile. Akachukua mende wa pili, mguu mpya, pini mpya. Vilevile. Ule mguu ulikuwa umekatwa, uko peke yake juu ya kipande cha kizibo, na unapiga kelele kuliko soko. Profesa akaandika kitu. Nilitaka kusimama niwaambie watu watoke nje wampe mtu nafasi, lakini ningewatoa kwa misingi gani, fundi makochi?

Mke wangu akaacha kuhangaika na waya. Akainama, akaweka sikio karibu na spika, akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Huu si umeme wa jengo," akasema, kama anaongea peke yake. "Umeme wa jengo unavuma sauti moja tu. Hii ni neva. Ni neva kabisa." Akainua kichwa. "Inasema imeguswa, na hakuna aliyeigusa."

Akaichungulia ndoo. Akawatazama mende wanavyotetemeka. Kisha akatazama hadi nyuma ya chumba, na uso wake ulianza kubadilika kwa namna ambayo siwezi kuisahau, maana haikuwa hasira. Ilikuwa furaha inayokuja mbio.

"Samahanini," akasema kwa sauti. "Kuna mtu amepuliza dawa ya wadudu karibu na ndoo hii?"

Pembeni yangu, mkono wenye bangili ukapanda juu.

"Ni mimi, mwanangu," Mama akasema, akisimama mbele ya wasomi wote wale. "Nilipuliza pembeni tu, kwenye pembe za stoo. Mgeni anakuja, ningefanyaje? Hao wa shule sikuwalenga. Nilipuliza wa mtaani."

Chumba kikaangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Alimwendea Mama katikati ya viti, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, dawa ya kopo la rangi gani?"

"Jekundu."

"Asante, Mama. Asante sana." Akamgeukia profesa na maneno yakaanza kumtoka yakisukumana. Kwamba kwenye neva kuna milango midogo isiyoonekana, inafunguka neva ikiguswa, kisha inajifunga, ndiyo maana inasema na kunyamaza. Kwamba dawa ya namna ile inashikilia milango, haifungi vizuri, basi neva inarudia habari ileile bila kukoma mpaka mdudu anachoka kabisa. "Tumekaa tunasoma hili vitabuni. Leo mmelisikia. Hivi ndivyo dawa inavyoua."

Profesa alikuwa amesogea mbele kidogo kwenye kiti chake. "Maelezo mazuri," akasema. "Lakini ni maelezo tu. Mende wote hapa wamepuliziwa. Nitajuaje kwamba si kiboksi chako kibovu?"

"Nitakupa mende safi."

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo pilikapilika ilipoanza. Wanafunzi walitoka mbio kama wameambiwa jengo linaungua, wakaelekea kantini. Mimi nikafuata, umri wangu huu. Mpishi mkuu alikuwa anakatakata vitunguu. Akaona kundi linaingia jikoni kwake na glasi na vifuniko, akauliza wanataka nini. Wakamwambia wanataka mende.

"Hapa hakuna mende," akasema, kisu juu.

"Mpishi, tafadhali, mmoja tu."

"Mmetumwa na watu wa afya nyie. Mimi jikoni kwangu hakuna mende, hajawahi kuwepo, na baba yake hajawahi kuwepo."

Wakamsihi. Wakamweleza kuhusu profesa, warsha, milango midogo. Alikataa katakata. Mimi nikamvuta pembeni, nikamwambia, kaka, mke wangu amesubiri siku hii miaka, na yuko kule juu na mguu unaopiga kelele. Ukimpa mende leo, hakuna atakayesema ametoka wapi. Nitakushonea kochi lako lolote. Akanitazama. Akaufuta mkono kwenye aproni, akaingia nyuma ya magunia, tukasikia kitu kinasukumwa. Akatoka na glasi aliyoiziba kwa sahani, ndani yake mende mkubwa, mwekundu, mwenye afya kuliko wote niliowahi kuwaona.

"Huyu amepita tu," akasema. "Alikuwa anaelekea kwa jirani."

Tulipanda ngazi huku glasi imeinuliwa juu kama kombe. Mke wangu akamlaza barafuni, akautoa mguu, akauchoma pini kwenye kizibo kipya. Akawasha spika. Kimya. Kimya hasa, mpaka nikasikia mtu anameza mate. Akachukua kijiti, akagusa kinywele. Tatata. Akauacha. Kimya. Akagusa tena. Tatata. Mwanafunzi mmoja wa kike mbele yangu alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka, na kusema kweli hata mimi macho yaliniwasha.

"Sasa, Mama," mke wangu akasema, "njoo."

Kopo jekundu la dawa lilipatikana kwa mfagizi wa ghorofa. Mama alisogea mbele, akapuliza kidogo kwenye ncha ya kijiti, akaipa kazi ile umakini wote aliowahi kuupa vita yake. Akaugusa mguu kwa ncha ile. Tukasubiri. Spika ikasema ta. Ikanyamaza. Ikasema ta, ta. Kisha taratibu ikakolea, ikaongezeka, mpaka ukawa ule mlipuko wa asubuhi, hauna wa kuuzima. Profesa aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akavua koti, akasogea mpaka kwenye spika. Wanafunzi wakaacha viti vyangu wakajazana mezani. Kila mtu alitaka kuona, kila mtu alikuwa na swali, wengine wanamuuliza mke wangu, wengine wanamuuliza Mama, na Mama anawajibu.

"Kumbe hafi kimya," Mama aliniambia baadaye kidogo, amekaa, kijiti bado mkononi. "Miaka yote hii, kumbe anapiga kelele hivyo."

Ilikuwa alasiri profesa alipoomba kuuliza swali la mwisho. Hakuwa anatabasamu.

"Nimeona vituo vingi," akasema. "Mtu mmoja mwenye moto anaanzisha, tunaleta vifaa, halafu mtu yule anapata kazi mbali, na ninaporudi nakuta vifaa vimefunikwa nailoni. Wewe ukiondoka, au ukiugua, au watoto wako wakiugua, warsha hii inabaki na nani?"

Hilo ndilo swali lililokuwa na uzito, na kila mtu alilijua. Nilimwona mke wangu anafungua mdomo kujibu, akaufunga. Alikuwa na majibu mengi, namjua, angeweza kuongea mpaka magharibi. Badala yake akachukua mkoba wake.

"Mende wa mpishi bado ana miguu mingine," akasema. "Chagua yeyote hapa, arudie nilichofanya. Mimi naenda nje."

Na akatoka. Nikatoka nyuma yake, Mama akabaki. Mlango ukafungwa.

Korido ilikuwa tupu, ina harufu ya chaki na sabuni ya sakafu. Alisimama akiegemea ukuta, mkoba kaukumbatia. Ndani tukasikia viti vinasogezwa. Sauti ya mtu, siwezi kusema ya nani, ikaomba barafu. Kitu kikaanguka chini, watu wakaguna. "Anza upya," mwingine akasema, "mkono wa kushoto tulia, pini ya pili juu kidogo." Yalikuwa maneno yaleyale ambayo mke wangu huwafundishia, kwa sauti ya mtu mwingine. Kisha hakukusikika kitu chochote kwa muda ulioniuma.

"Wamekosea," nikanong'ona.

"Shh," akasema. "Hicho ni kimya cha kweli."

Tatata, spika ikasema nyuma ya mlango.

Akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Tatata, ikasema tena. Ndani watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na juu ya sauti zao nikamsikia Mama anawaambia wasisukumane. Mlango ukafunguka. Profesa alichungulia, mvi zimevurugika, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Mkufunzi," akasema, "warsha ya kwanza ya kituo mnataka kuianza mwezi gani?"

"Huu," akasema mke wangu.